Appleton na Redio ya Babu

Najua baadhi yenu mtaguna mkiona Fizikia imeingia katika gazeti la Chama cha Kiswahili. Niwieni radhi. Kuna mtu nataka kuwasimulia habari zake, na sababu ya kumtafuta ilianzia nyumbani kwetu.

Babu yangu ana redio ya zamani ya masafa mafupi. Waya wa antena ulitoka dirishani ukafungwa kwenye mgunga nyuma ya nyumba. Mwaka 1992, vita vilipokuwa vimepamba moto Somalia, majina ya watu waliopotezana na jamaa zao yalikuwa yakisomwa kwa Kisomali katika BBC, na majirani walikuja kusikiliza kwetu. Babu alikuwa akimtafuta kaka yake aliyeishi Kismayu. Usiku mmoja likasomwa jina lake, likafuata la baba, halafu sauti ikazama kama ndoo kisimani. Iliporudi, walikuwa wameshafika kwa watu wengine. Na ninyi mnajua, kwetu jina la tatu ndilo linalotenganisha watu. Babu alilaumu betri. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini kisa hicho nimekisikia mpaka nimekihifadhi.

Basi kumbe mwenye jibu alikuwa Edward Appleton, aliyezaliwa tarehe 6 Septemba 1892 huko Bradford, Uingereza, mji wa viwanda vya sufu. Baba yake alifanya kazi katika ghala, hawakuwa watu wa mali. Kijana alisoma kwa ufadhili hadi Chuo cha St John's, Cambridge. Vita Vikuu vya Kwanza vikamtia jeshini, upande wa mawasiliano, na huko ndiko redio ilikomshika. Hakuiacha tena.

Aliporudi Cambridge aliona jambo ambalo wengine walilipita tu. Matangazo kutoka London yalisikika sawasawa mchana, lakini usiku yalipanda na kushuka. Akawaza: huenda mawimbi yanafika kwa njia mbili, moja ardhini na nyingine juu angani, kisha yakikutana mara yanasaidiana, mara yanauana. Kennelly wa Marekani na Heaviside wa Uingereza walikuwa wameshasema mwaka 1902 kwamba huko juu lazima kuna tabaka linalorudisha mawimbi. Lakini nani alikuwa amelipima?

Usiku wa tarehe 11 Desemba 1924, Appleton na mwenzake Miles Barnett, kijana wa New Zealand, walikaa Oxford na kipokezi chao. Vipindi vilipokwisha, mtambo wa BBC ulioko Bournemouth ulibadilishiwa masafa kidogo kidogo. Sauti ikawa inapanda na kushuka kwa mpango. Kwa kuhesabu mipando hiyo walijua njia ya angani ni ndefu kiasi gani, na kwamba dari lenyewe liko kama kilomita 90 juu. Yaani karibu kutoka Garissa hadi Dadaab, ila wima! Baadaye kidogo akapata tabaka lingine, juu zaidi ya kilomita 200. La kwanza aliliita E, la pili F, akaacha herufi za nyuma wazi kwa yatakayogunduliwa chini.

Sasa, hewa inarudishaje wimbi? Jua hung'oa elektroni kutoka katika hewa ya juu, na gesi ya namna hiyo huitwa plazima. Tazama mabati ya bweni letu saa sita mchana, yanavyotuumiza macho. Chuma nacho kina elektroni huru. Wimbi likija huzitikisa, nazo zikitikisika hulirudisha. Zikigongana na hewa njiani, nguvu ya wimbi hugeuka joto, basi limekwisha. Mchana tabaka la chini, D, hufanya hivyo sana, ndiyo maana stesheni za mbali husikika zaidi usiku. Mawimbi ya FM yana masafa ya juu mno, aghalabu hupenya dari na kwenda zake.

Lakini kazi ninayoiona mimi kubwa kuliko zote ni ile ya tangu mwaka 1927. Funga kamba mtini uitikise: yaweza kwenda juu na chini, au ubavuni, au ikazunguka. Wimbi la redio ni hivyo hivyo. Appleton alionyesha kwamba usumaku wa dunia huligawa wimbi linaloingia katika plazima kuwa mawili, kila moja likizunguka upande wake, yakienda kwa mwendo tofauti na kumezwa kwa kiasi tofauti. Uingereza, yaliyorudi yalizunguka kushoto, Australia, kulia. Hesabu yake ilikuwa imetabiri hivyo, bwana! Yakikutana tena kwenye antena, huenda yakafutana.

Mwaka 1932 alikwenda Tromsø, kaskazini mwa Norway, akaona dhoruba za usumaku zikimeza mwangwi wote. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1941 na Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1947. Kuanzia 1949 aliongoza Chuo Kikuu cha Edinburgh, na alifariki akiwa bado kazini, tarehe 21 Aprili 1965. Miaka miwili baadaye, satelaiti San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikachunguza anga hiyo juu ya ikweta.

Likizo iliyopita nilimweleza babu haya yote, kamba mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kaka yake hakupatikana hadi leo. Akaniuliza kama betri basi haikuwa na kosa. Nikamwambia haikuwa nalo. Akanyamaza, kisha akanituma nikamletee ile redio, akaanza kuipangusa vumbi.