Msiri: Msumbwa aliyetajirika kwa shaba, akaangushwa na njaa na bunduki

Wapo wanaodhani kuongeza thamani ya bidhaa ni somo lililoletwa na wataalamu wa juzi. Wamtazame Msiri.

Jina lake la asili ni Ngelengwa. Alizaliwa karibu mwaka 1830 katika nchi ya Wasumbwa, kaskazini-magharibi ya Tabora. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa misafara aliyevuka Ziwa Tanganyika kufuata shaba ya Katanga. Mwana alifuata nyayo za baba, akahamia huko na wenzake. Kwa biashara na bunduki akageuka kuwa mtawala, makao yake yakawa Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke.

Wenyeji wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba karne nyingi kabla yake, wakiimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Hiyo ilikuwa malighafi. Wahunzi wa Kiyeke waliongeza hatua: waliipasha moto, wakaifua, wakaivuta kwenye tundu moja baada ya jingine, kila moja jembamba zaidi, hadi ikawa waya. Waya huo ukatengeneza bangili na masambo, mapambo ya miguuni. Kwa mpagazi uzito ni uleule, lakini bidhaa iliyo tayari kuvaliwa humlipa mwenye mali zaidi.

Msiri pia hakutegemea mnunuzi mmoja. Misafara yake ilielekea Tabora na pwani ya Zanzibar, na mingine ilikwenda magharibi hadi Benguela, Angola.

Hata hivyo, utajiri wake ulisimama pia juu ya pembe za ndovu, watumwa na kodi nzito. Kufikia mwaka 1891 Wasanga walikuwa wameasi. Vita vikazuia kilimo, na njaa ikaingia Bunkeya. Desemba mwaka huo ukafika msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Msiri alikataa kuwa chini ya bendera yao, na Desemba 20 akapigwa risasi na Kapteni Bodson, ambaye naye alijeruhiwa vibaya na kufa baadaye.

Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière, na shaba ya Katanga ikaanza kuwanufaisha wengine.

Mkulima wa tumbaku wa Urambo na mrina asali wa Sikonge wana la kujifunza hapa. Sindika kabla ya kuuza, tafuta soko zaidi ya moja, na usiache shamba la chakula likawa pori.