Seymour: Aliyesomea Nje ya Mlango

Tangu tuanze mafundisho haya ya uongozi, vijana wameniuliza: mtu huwaje kiongozi ambaye watu wanamfuata kwa kupenda, si kwa kusukumwa? Wiki hii nawapeleka kwa William Joseph Seymour. Sisi Wapentekoste tunataja Azusa kila mara, lakini mtu mwenyewe wengi hatumjui.

Alizaliwa 2 Mei 1870 Centerville, Louisiana, Marekani, kwa wazazi waliokuwa watumwa. Alifanya kazi ya kuhudumia wageni mezani. Ndui ikamharibu jicho moja. Baadaye, akiwa Houston, alitamani sana kusoma Biblia kwa Charles Parham, mwalimu mzungu, lakini ubaguzi haukumruhusu mtu mweusi kuketi darasani na wazungu. Basi akakaa nje, mlango ukaachwa wazi, akasikiliza hivyo hivyo. Tuseme ukweli, wengi wetu tungeenda zetu tukisema tumedharauliwa. Seymour alikuwa na njaa kuliko aibu.

Mapema 1906 aliitwa kuhudumu katika kanisa dogo Los Angeles. Akahubiri kunena kwa lugha, jambo ambalo hata yeye alikuwa bado hajalipata. Viongozi hawakufurahi. Aliporudi ibadani akakuta mlango umetiwa kufuli. Ebu fikiria, mgeni mjini, hana kanisa, hana pesa! Edward Lee akampa mahali pa kukaa, na kazi ikawa maombi. Maombi yakahamia nyumba moja ya Bonnie Brae, na tarehe 9 Aprili 1906 Roho akashuka. Watu wakafurika mpaka nyumba ikawa ndogo.

Wakakodisha jengo kuukuu, nambari 312 Azusa Street. Lilikuwa kanisa zamani, kisha likageuzwa zizi na ghala. Viti vilikuwa mbao zilizowekwa juu ya mapipa madogo ya misumari. Mimbari ilikuwa masanduku mawili ya mbao yaliyopandanishwa, na waliomwona wanasimulia kwamba Seymour aliingiza kichwa ndani ya sanduku la juu akaomba, huku ibada ikiendelea bila yeye kuonekana. Hapakuwa na jukwaa. Weusi, wazungu, Wamexico, matajiri na wafua nguo walipiga magoti pamoja, ibada tatu kwa siku, karibu miaka mitatu. Siku hizi mtu akipewa kuongoza kwaya tu, ati anauliza kiti chake kiko wapi.

Lakini msidhani kujinyenyekesha ni kuwa mlegevu. Oktoba 1906 Parham alikuja Azusa, akachukizwa na ibada ile na jinsi weusi na wazungu walivyochanganyika, akakemea mbele ya watu. Huyu ni mwalimu wake! Bado Azusa haikumkabidhi kazi, akaondoka. Kwangu mimi hapa ndipo Seymour alipoonyesha uongozi kuliko mahali pengine pote. Alikubali kudharauliwa yeye, hakukubali watu wa Mungu watenganishwe.

Hakuwa malaika pia. Mwaka 1911 William Durham alihubiri Azusa wakati Seymour yuko safarini, akavuta umati kwa fundisho tofauti kuhusu utakaso. Seymour aliporudi, Durham alifungiwa mlango. Naam, mlango tena. Wengine wanasema alilinda kundi, wengine wanasema alichoka. Mimi naona ni yote mawili.

Umati ukapungua, wazungu wengi wakaenda kuanzisha makanisa yao. Yeye akabaki akihubiria wachache pale pale Azusa, mpaka moyo ukamshinda 28 Septemba 1922. Mkewe, Jennie, akaendelea kulichunga lile kundi dogo. Huyo mama naye ana habari yake, kwa hiyo tutamtazama Jumatano katika ibada ya jioni. Viongozi wa vijana, njooni na Biblia na kalamu.