Mwanafunzi wa Malishoni: Maisha ya Jomo Kenyatta na Elimu ya Mtoto Mdogo

Utangulizi

Jina la Mzee Jomo Kenyatta huambatana na siasa: kesi ya Kapenguria, mikutano ya Lancaster House na Uhuru wa mwaka wa 1963. Ni nadra kutajwa pamoja na mtoto mdogo anayechimba udongo kwa kijiti kando ya baba yake. Hata hivyo, mtoto huyo ana nafasi yake katika kitabu alichokichapisha Kenyatta mwaka wa 1938, ndani ya sura nzima inayohusu elimu. Fauka ya hayo, takriban miaka minane ya maisha ya mwandishi huyo ilipita Turkana, kwanza Lokitaung na kisha Lodwar, katika nchi ambayo mtoto hujifunza kwa mikono na macho kabla ya kuona kitabu chochote. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa kuufuata uzi huo mmoja, nayo yanauliza ni kwa kiasi gani mtawala aliyakumbuka aliyoyaandika mwanazuoni.

Utoto wa Kamau

Kenyatta alizaliwa katika miaka ya 1890, wakati ambapo miaka ya kuzaliwa haikuandikwa. Baba yake, Muigai, alifariki angali mtoto. Mama yake, Wambui, aliolewa na Ngengi, ndugu ya marehemu, lakini naye hakuishi sana. Kamau, kama alivyoitwa wakati huo, akaishia mikononi mwa babu yake, Kung'u wa Magana, huko Muthiga. Mzee huyo alikuwa mganga na mpiga ramli. Mjukuu alimfuata huku na huko akimbebea mkoba wake wa kazi.

Mkoba huo ndio uliokuwa darasa la kwanza la Kamau. Mtoto anayemfuata mganga hujua mti upi huchunwa gamba na upi huchimbwa mzizi. Hujua pia kwamba ujuzi huo hautolewi kwa yeyote, bali hurithishwa kwa anayetembea pamoja na mwenye nao. Mwaka wa 1909 alikwenda Thogoto, kwenye kituo cha misheni ya Waskoti, akaanza kujifunza kusoma na kuandika pamoja na useremala. Mwaka wa 1914 alibatizwa kwa jina la Johnstone. Kuanzia hapo akawa mtu wa elimu mbili, wala hakuitupa hata moja.

Mwanazuoni wa London

Baada ya kufanya kazi katika idara ya maji ya Nairobi na kulihariri gazeti la Muigwithania lililoanza mwaka wa 1928, Kenyatta alisafiri Uingereza mwaka wa 1929 kuwasilisha malalamiko ya Wakikuyu kuhusu ardhi. Alirudi huko mwaka wa 1931, na safari hii akakaa miaka kumi na mitano. Katikati ya miaka ya 1930 aliingia katika Chuo cha Uchumi cha London na kusomea anthropolojia chini ya Bronislaw Malinowski. Matunda ya masomo hayo ni kitabu Facing Mount Kenya, ambacho kilitolewa pia kwa Kiswahili katika miaka ya 1960 kwa jina la Naushangilia Mlima wa Kenya.

Sura ya elimu katika kitabu hicho inafaa kusomwa na kila anayejishughulisha na malezi ya watoto wadogo. Kenyatta anaeleza kwamba elimu ya Mkikuyu huanza anapozaliwa na hukoma anapokufa. Hatua ya kwanza ni bembelezi, ambazo ndani yake mna historia ya jamaa na ukoo. Mtoto huzisikia kila siku hata zikamkaa akilini bila kulazimishwa. Anapoanza kusema, huulizwa majina ya wazee wake mpaka ayajue.

Baadaye hufuata michezo. Wavulana hujitengenezea mikuki, pinde na mishale ya kuchezea; wasichana husuka vikapu vya nyasi na kufinyanga vyungu vidogo. Kenyatta hauoni mchezo huo kuwa upotezaji wa wakati. Kwake, mtoto anaigiza leo kazi atakayoifanya kesho. Baba mkulima humchukua mwanawe shambani na kumpa kijiti chake cha kuchimbia. Baba analima, mtoto anacheza, na kila mwaka umbali kati ya mchezo wa mmoja na kazi ya mwingine unapungua. Humo shambani na mwituni mtoto hujifunza majina ya mimea, ipi huliwa na ipi ina sumu, na mpaka wa shamba unapita wapi.

Mfano unaovutia zaidi ni ule wa malishoni. Mchungaji mdogo hawahesabu wanyama kwa tarakimu. Anawatambua kwa rangi, umbo na pembe. Ili kumpima, makundi ya familia mbili au tatu huchanganywa, kisha huagizwa awatenge walio wa kwao. Wakati mwingine wanyama kadhaa hufichwa, naye hutakiwa aseme ni nani asiyeonekana. Huo ni mtihani kamili usio na karatasi wala kalamu.

Hoja inayobebwa na mifano hii yote ni moja: maarifa hushika mizizi yanapopatikana katika haja ya kweli na ndani ya tendo. Kwa mwanafunzi wa lugha, hoja hiyo ina uzito wa pekee. Jina la mti humfikia mtoto pamoja na harufu yake, miiba yake na kazi yake, na kwa sababu hiyo halimtoki.

Githunguri na kukamatwa

Kenyatta alirejea nyumbani mwaka wa 1946. Punde si punde alishika uongozi wa Chuo cha Ualimu cha Githunguri, ambacho Mbiyu Koinange alikianzisha mwaka wa 1939 ili kuandaa walimu wa shule huru za Wakikuyu. Shule hizo zilijengwa kwa michango ya wazazi wenyewe. Mwanazuoni aliyeandika kwamba jamii ndiyo mwalimu sasa aliiona jamii ikijenga shule zake kwa mikono yake.

Jaribio hilo halikudumu. Mnamo tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa na Kenyatta akakamatwa. Shule huru zilifungwa, na chuo cha Githunguri kikafungwa pia. Katika kesi iliyosikilizwa Kapenguria, Kenyatta alihukumiwa mwezi wa Aprili 1953 kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Pamoja naye walihukumiwa Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko.

Miaka ya Turkana

Lokitaung ni kituo kilicho kaskazini mwa Turkana, mbali na kila kitu ambacho serikali ya kikoloni ilihofia. Kwa sababu ya umri wake, Kenyatta alipewa kazi ya kuwapikia wenzake. Huko ndiko alikomfundisha Kiingereza Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, aliyefungwa pamoja nao. Hata gerezani ualimu haukumtoka. Mwezi wa Aprili 1959 alimaliza kifungo, lakini hakuachiliwa. Alihamishiwa Lodwar na kuwekewa mipaka ya kutembea, na mkewe, Mama Ngina, akaruhusiwa kuishi naye huko. Mwaka wa 1961 alipelekwa Maralal, na mwezi wa Agosti mwaka huo akarudi Gatundu akiwa mtu huru.

Wakoloni waliiona Turkana kuwa jangwa la kumsahaulisha mtu. Mambo hayakuwa hivyo kwa waliozaliwa huko. Kando ya Turkwel panapopita Lodwar, na kando ya Kerio unaoelekea ziwani, mtoto wa Kiturkana huanza na wana-mbuzi wanaolishwa karibu na boma kabla ya kuaminiwa kundi kubwa. Hujifunza kwamba maganda ya ewoi, yaani mgunga, ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Hujua kwamba esekon hutoa mswaki, kwamba edome huzaa matunda ya kuliwa, na kwamba eng'ol, ule mkoma wa kando ya mto, hutoa makuti ya kusukia vikapu. Hujua pia kwamba miti ya ukingoni ina wenyewe, na kwamba haki ya jamaa juu ya kipande hicho huitwa ekwar. Mnyama hutambulishwa kwa rangi na mabaka yake, na msamiati wa rangi hizo ni mpana kuliko ule unaofundishwa darasani.

Kwa maneno mengine, elimu aliyoieleza Kenyatta akiwa London ilikuwa hai nje ya mlango wa kizuizi chake, ila kwa lugha nyingine na kwa mifugo mingine.

Mtawala na ahadi ya mwanazuoni

Mtu angetarajia kwamba Rais Kenyatta angeijengea Turkana shule inayoanzia malishoni. Ukweli ni mchungu zaidi. Tume ya Ominde, iliyoundwa mara baada ya Uhuru, ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, huku Kiswahili kikiwa somo la lazima. Waraka Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyotarajiwa kuleta mazao mengi, na nchi kame za wafugaji zikabaki nyuma. Mzee aliyekaa Lodwar aliongoza serikali iliyoipima Lodwar kwa mvua yake.

Hata hivyo, haki yake asinyimwe. Mwezi wa Desemba 1973 aliondoa karo kwa madarasa manne ya kwanza. Mwaka wa 1974 aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni. Shule za chekechea, ambazo serikali haikuzigharimia, zilijengwa kwa wingi na wananchi kwa wito wake wa Harambee. Mwaka wa 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya ilianzisha mradi wa elimu ya awali, na katika kazi iliyofuata walimu walihimizwa kukusanya nyimbo, vitendawili na michezo ya jamii zao, na kutengeneza vifaa kwa vitu vya mazingira yao. Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978.

Hitimisho

Katiba ya 2010 iliwakabidhi magavana na serikali zao elimu ya awali, na mtaala wa umilisi ulioenea nchini mwaka wa 2019 uliwapa watoto wa chekechea eneo la shughuli za mazingira. Kwa hiyo, mlango ambao sura ya 1938 iliubisha sasa umefunguliwa kisheria. Kilichobaki ni kazi ya walimu na ya watu wa lugha. Mtoto wa Kerio anayefundishwa tufaha kwa picha ukutani, ilhali edome imezaa nje ya dirisha, amenyimwa tunda na neno kwa pamoja. Mtoto wa Kakuma, palipo na kambi ya wakimbizi tangu 1992, huenda akahitaji majina matatu ya mti mmoja: la nyumbani kwao, la Kiturkana na la Kiswahili. Miti mingi ya Turkana bado haina jina la Kiswahili linalofahamika na wengi, na kamusi haitayapata majina hayo kwa kukaa mezani.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Kamau alikunjwa akibeba mkoba wa babu yake, na alipofika London aligundua kwamba alichokibeba kilitosha sura nzima ya kitabu.