Tupac alikuwa mwigizaji kwanza

Picha ya Tupac Shakur nimeiona kwenye matatu za Mombasa tangu ujana wangu. Wengi twamjua kwa muziki tu, lakini mimi nashikilia kuwa alikuwa mwigizaji kwanza.

Alizaliwa New York mwaka 1971, mwezi mmoja baada ya mamake Afeni, mwanachama wa Black Panther, kuachiliwa huru na mahakama. Hajafika hata miaka 14 alishapanda jukwaani. Baadaye akasomea maigizo huko Baltimore, kabla ya familia kuhamia California.

Filamu ya Juice ilitoka 1992. Alicheza Bishop, kijana anayeleweshwa na bunduki hadi akamuua rafiki yake. Aliicheza vizuri mno, na taabu ikaanzia hapo: watu walimchukulia kuwa ndiye Bishop hasa, naye, kwa maoni yangu, hakujitahidi kuwatoa dhana hiyo. Mwaka 1995 alifungwa kwa kumdhulumu mwanamke kingono, na hilo silitetei. Albamu yake ilishika nambari moja Marekani yeye akiwa ndani.

Septemba 1996 alipigwa risasi Las Vegas, akafariki baada ya siku sita. Alikuwa na miaka 25.

Anayetaka kumjua aitafute Gridlock'd, iliyotoka 1997 yeye akiwa ameshafariki. Humo ni mraibu anayetaka kuacha unga, anazungushwa ofisi hii hadi ile, hakuna anayempokea. Vijana wa namna hiyo hapa Pwani twawajua kwa majina.