Leakey na Ziwa Tulilolisahau

Louis Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903, mwana wa wamishonari wa Kiingereza, akakua na kutahiriwa pamoja na vijana wa Kikuyu wa rika lake. Wengi wetu tunamjua kwa mafuvu ya Olduvai. Ni wachache wanaokumbuka kwamba sifa yake ya kitaaluma ilianzia hapa kwetu, kati ya Elmenteita na Nakuru, na kwamba jambo alilolikuta hapa linatuhusu leo kuliko fuvu lolote.

Mwaka 1922 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Kanuni zilimtaka mwanafunzi wa lugha achague lugha mbili za kisasa. Yeye alitaja Kifaransa na Gikuyu, akaleta hati ya ujuzi kutoka kwa Chifu Koinange. Inasimuliwa kwamba mmoja wa waliopewa kazi ya kumfundisha Gikuyu alilazimika kwanza kufundishwa na Leakey mwenyewe. Sisi wa isimu hukifurahia sana kisa hicho, ingawa kina uchungu wake: lugha ya umma mzima ilihitaji Mzungu mmoja wa kuitetea ndipo ihesabiwe kuwa lugha.

Mwaka 1923 aliumia kichwani katika mchezo wa raga, akaambiwa apumzishe akili. Mapumziko yake yalikuwa safari ya Tendaguru, Tanganyika, kutafuta mifupa ya dinosaria. Aliporudi masomoni aligeukia akiolojia, na mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu tu, akaongoza msafara wake wa kwanza katika Bonde la Ufa. Alifukua makaburi ya kale karibu na Nakuru na Elmenteita, na akatambua mabaki yaliyoko Hyrax Hill, kilima ambacho mkewe wa pili, Mary, alikuja kukichimba mwaka 1937.

Kilichomshughulisha zaidi ni Pango la Gamble, karibu na Elmenteita, alilolichimba hasa katika msafara wa 1928 na 1929. Ndani yake mlikuwa na tabaka juu ya tabaka za majivu, mifupa, na zana za mawe meusi yanayong'aa kama kioo, yaliyotemwa na volkeno. Alipofika chini ya makazi hayo ya watu alikuta kokoto za ufuoni, zilizolainishwa na mawimbi. Ukisimama pangoni utaona ziwa liko mbali, chini kabisa bondeni, na tofauti ya kimo ni zaidi ya mita 150. Hapakuwa na njia nyingine ya kulieleza jambo hilo ila kukiri kwamba maji yaliwahi kufika pale, na kwamba Nakuru na Elmenteita zilikuwa ziwa moja kuu. Huko Kariandusi, ambako msafara wake ulikuta mashoka ya mawe, udongo mweupe unaochimbwa hadi leo ni masalia ya viumbe vidogo vya majini vilivyozama katika ziwa la kale zaidi.

Leakey alikosea katika tafsiri. Yeye na wataalamu wenzake walidhani kwamba vipindi vya mvua nyingi Afrika vilikwenda sambamba na enzi za barafu za Ulaya, na nadharia hiyo ikapokewa katika kongamano alilolianzisha Nairobi mwaka 1947. Baadaye iliporomoka. Mwaka 1972 watafiti waliopima umri wa mabaki ya fuo kwa kaboni walionyesha kwamba maziwa yetu yalijaa baada ya barafu kuyeyuka, yapata miaka elfu tisa au kumi iliyopita. Kwa ardhi hiyo ni jana. Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo, akazikwa Limuru.

Simwandikii wasifu wa mtakatifu. Katika kesi ya Kapenguria alikuwa mkalimani wa mahakama iliyomshtaki Kenyatta, hadi upande wa utetezi ulipolalamika kwamba anapendelea, akaacha kazi hiyo. Wako wasiomsamehe, nami siwalaumu. Lakini kokoto hazikuwa za mkoloni. Zilikuwa pale kabla ya Mzungu na kabla yetu.

Je, sisi tulizisoma? Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilipokauka karibu lote, vumbi la magadi likapeperuka hadi mjini, tukaimba kwamba ziwa linakufa. Wakati huohuo misitu ya Mau, chimbuko la mito Njoro, Makalia na Nderit, ilikuwa ikifyekwa, na mwaka 2001 serikali ikahalalisha kumegwa kwa sehemu kubwa ya Mau Mashariki. Maji ya mvua yasiyozuiwa na miti hubeba udongo wote hadi ziwani. Nasi tukajenga bondeni, maana ziwa lilikuwa mbali.

Kuanzia mwaka 2010 mvua ziliongezeka na maziwa yakaanza kurudi. Ziwa Nakuru, lililokuwa na eneo la kilomita za mraba zisizozidi 40 hivi, lilipita 60 baada ya miaka kumi. Heroe wengi walihamia Bogoria. Nyumba za Mwariki zilifurika, Kihoto huko Naivasha vilevile, na Kampi ya Samaki huko Baringo hoteli zikasimama majini. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba watu karibu laki nne waliathiriwa kote nchini. Wakuu walishangaa. Wenye ploti walishangaa. Hata sisi wa vyuo vikuu tulishangaa, ilhali wanafunzi wetu hupelekwa Hyrax Hill kila mwaka kuelezwa habari za ziwa la kale, kisha hupanda basi na kurudi nyumbani.

Hakuna anayesema kwamba maji yatafika tena Pango la Gamble. Lakini lango kuu la mbuga na ofisi zake yalimezwa, ikabidi lango lihamishiwe mahali palipoinuka. Hapo palipoinuka nako, kwa kipimo cha kokoto alizozikuta Leakey, palikuwa sakafu ya ziwa.