Penfield: Daktari aliyepiga stori na wagonjwa akiwapasua ubongo

Mtu akiingia thieta siku hizi kunyooshwa mgongo uliopinda, mara nyingi anapachikwa nyaya kibao kabla kisu hakijamgusa. Zingine kichwani, zingine mikononi, zingine miguuni. Si mapambo hizo. Daktari anataka kujua, muda wote wa upasuaji, kama mawasiliano kati ya ubongo na miguu bado yapo. Akinyoosha mgongo kupita kiasi na neva zilizo ndani zikaumia, mgonjwa anaweza kuamka akiwa amepooza.

Tabia hii ya kuuliza neva wakati kisu bado kiko kazini haikuanza jana. Na ukitaka kuisimulia, huwezi kumruka jamaa anayeitwa Wilder Penfield.

Alizaliwa Januari 26, 1891 mjini Spokane, Marekani. Baba yake alikuwa daktari, lakini kazi haikumnyookea. Wilder akiwa na miaka minane, mama aliwachukua watoto wakarudi kwao Hudson, Wisconsin. Labda ndiyo sababu kijana mwanzoni hakutaka kabisa kusikia habari ya udaktari. Alipoingia chuo cha Princeton alicheza kandanda ya Kimarekani, na baada ya kuhitimu mwaka 1913 akawa hata kocha wa timu kwa muda.

Lakini udaktari ulimvuta tu. Alipata ufadhili wa Rhodes akaenda Oxford, Uingereza, akakutana na mwalimu Charles Sherrington, mtaalamu mkubwa wa jinsi neva zinavyofanya kazi. Hapo ndipo akili ya Penfield ilipopata mwelekeo. Nusura isifike mbali. Machi 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, meli ya Sussex aliyokuwa amepanda kuelekea Ufaransa ilipigwa kombora na nyambizi ya Wajerumani. Watu wengi walikufa. Yeye alitoka na jeraha la mguu, akaenda kupona nyumbani kwa daktari maarufu William Osler, pale pale Oxford.

Alimaliza udaktari Johns Hopkins mwaka 1918, kisha akawa mpasuaji New York. Shida iliyomsumbua ilikuwa kifafa. Kuna wagonjwa ambao kifafa chao kinatokana na kovu au uvimbe mahali fulani kwenye ubongo. Ukiondoa hapo, anaweza kupona. Ukikosea kidogo tu, umemwondolea uwezo wa kuongea au wa kusogeza mkono. Sasa utajuaje pa kukata na pa kuacha?

Mwaka 1928 alienda Breslau, mji uliokuwa Ujerumani wakati huo, kujifunza kwa Otfrid Foerster. Huyu alikuwa akipasua ubongo wa wagonjwa wakiwa macho, akiugusa kwa umeme mdogo kutafuta kovu lilipo. Inatisha kusikia, lakini ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Ganzi inawekwa kwenye ngozi ya kichwa tu.

Mwaka huo huo Penfield alihamia Montreal, Kanada. Na hapo ndipo mambo yakawa mazito. Desemba 1928, mgonjwa aliyelala mbele yake alikuwa Ruth, dada yake mkubwa, mama wa watoto sita. Alikuwa na kifafa, na walipofungua wakakuta uvimbe mkubwa upande wa mbele wa ubongo. Penfield alishika kisu mwenyewe. Alikata mpaka pale alipoweza, akatoa sehemu kubwa ya ubongo wa mbele upande wa kulia. Uvimbe wote haukutoka.

Ruth aliamka, akaongea, akarudi nyumbani kwa watoto wake. Ukimtazama ungesema hana tatizo. Ila kuna siku alitakiwa kupikia wageni, vyakula kadhaa kwa mpigo, akashindwa kupanga kipi kianze na kipi kifuate. Kitu alichokuwa amefanya maisha yake yote. Baadaye uvimbe ulirudi, na haikupita miaka mingi akafariki.

Penfield hakuficha kesi hiyo. Aliiandika kwenye jarida la kitabibu mwaka 1935, pamoja na hasara zake. Na msiba huo ulimsukuma kutafuta pesa za kujenga kituo ambapo wapasuaji na wanasayansi wangekaa chini ya paa moja. Wakfu wa Rockefeller ulitoa zaidi ya dola milioni moja, na mwaka 1934 taasisi ya neva ya Montreal ikafunguliwa.

Humo ndani Penfield alifanya kazi hivi. Mgonjwa yuko macho, fuvu limefunguliwa, wanaongea. Daktari anagusa sehemu moja kwa umeme, kidole gumba kinaruka. Anaweka hapo kikaratasi chenye namba. Anagusa kwingine, mgonjwa anasema ulimi unawasha. Namba nyingine. Anamwonyesha picha ataje jina, na kama anakwama umeme ukiwa hapo, basi hapo ni sehemu ya lugha, kisu kisipite.

Mwaka 1937, yeye na Edwin Boldrey walikusanya majibu hayo wakachora ramani. Ilionyesha kwamba mikono, midomo na ulimi vimetengewa eneo kubwa ajabu kwenye ubongo, huku mgongo mzima ukipewa kipande kidogo tu. Naye Herbert Jasper, aliyejiunga nao miaka hiyo, akaleta mashine za kusoma umeme wa ubongo hadi ndani ya thieta. Kufuatilia neva wakati wa upasuaji kukawa kazi ya kila siku.

Wapasuaji wa mgongo nao walikuwa na swali lile lile, ila mgonjwa wao huwa amelazwa kifudifudi, usingizi mzito. Mwaka 1973, Penfield akiwa bado hai, madaktari wa Ufaransa walitangaza njia yao: mwamshe mgonjwa katikati ya upasuaji, mwambie akunje mikono, halafu asogeze miguu. Miguu ikikataa, legeza chuma haraka.

Siku hizi nyaya ndizo zinazojibu. Umeme mdogo unapigwa kwenye neva ya kifundo cha mguu na kusomwa kichwani. Mwingine unapigwa kichwani, juu ya eneo la mwendo ambalo ramani ya Penfield inalionyesha vizuri, na kusomwa kwenye misuli ya mguu. Dawa za kulegeza misuli zinaepukwa, la sivyo misuli haitajibu. Ishara ile ya kutoka mguuni ikishuka kwa asilimia 50, timu nyingi husimama. Wanakagua nyaya, wanapandisha presha ya damu, wanalegeza chuma. Mashine haizuii kila ajali, lakini inampa daktari nafasi ya kurekebisha kabla mambo hayajaharibika kabisa.

Penfield alifariki Montreal Aprili 5, 1976, akiwa na miaka 85. Mashine hizi za mgongo hakuzivumbua, na hakuwa wa kwanza kugusa ubongo kwa umeme. Alichofanya ni kuuliza kila siku, kwa miaka mingi, na kuandika kila jibu, hata lile la dada yake.

Kwa hivyo mtu wako akipangiwa upasuaji wa mgongo, mwulize daktari kama neva zitafuatiliwa, na vipi. Usiogope koti jeupe. Kuuliza si ujinga.