Paul Broca: Daktari aliyegundua maneno yanatoka wapi kwenye ubongo

Aprili 11, 1861, katika hospitali ya Bicêtre nje kidogo ya Paris, mwanaume wa miaka 51 alihamishiwa wodi ya upasuaji. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba na kuanza kuoza.

Daktari akamuuliza maswali ya kawaida: ameanza kuumwa lini, anaumwa wapi. Jibu lilikuwa moja tu, tan. Akiulizwa tena, tan tan, huku mkono wa kushoto ukijaribu kueleza yaliyobaki.

Daktari huyo alikuwa Paul Broca, wakati huo ana miaka 36. Siku sita baadaye mgonjwa alifariki, na kilichokutwa kichwani mwake kilibadilisha namna dunia inavyouelewa ubongo.

Mtoto wa daktari wa jeshi

Broca alizaliwa Juni 28, 1824 katika mji mdogo wa Sainte-Foy-la-Grande, kusini magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari aliyewahi kuhudumu katika jeshi la Napoleon.

Kijana alikuwa na kichwa chepesi. Akiwa na miaka 17 tu alishaingia chuo cha udaktari Paris. Akawa daktari wa upasuaji, akachunguza saratani kwa kutumia darubini, na mwaka 1859 akaanzisha chama cha wanasayansi wanaochunguza binadamu, Chama cha Anthropolojia cha Paris.

Ni ndani ya chama hicho ambapo, mwanzoni mwa 1861, ubishi mkubwa ulizuka. Je, ubongo hufanya kazi wote kwa pamoja, au kila sehemu ina kazi yake? Daktari mmoja, Ernest Auburtin, alishikilia kwamba uwezo wa kuongea unakaa sehemu ya mbele ya ubongo. Alikuwa tayari kuachana na wazo hilo iwapo angeonyeshwa mtu mmoja tu aliyepoteza usemi bila sehemu hiyo kuharibika.

Broca hakuwa na haraka ya kuchagua upande. Basi alipompata mgonjwa wake wa Bicêtre, alimwita Auburtin aje amwone kwa macho yake.

Bwana Tan alikuwa nani?

Hospitali nzima ilimwita Tan. Jina lake halisi ni Louis Victor Leborgne, na kazi yake ilikuwa kuchonga mbao zenye umbo la mguu ambazo mafundi hutumia kutengenezea viatu.

Alikuwa na kifafa tangu ujana. Alipofika miaka 30 hivi usemi ukakatika, akalazwa Bicêtre na hakutoka tena. Baada ya kama miaka kumi mkono wa kulia ulianza kupooza, kisha mguu wa kulia, mwisho akawa mtu wa kitandani.

Wagonjwa wenzake hawakumpenda. Walimwona mkorofi, mwenye visasi, hata mwizi. Akichukizwa sana, tusi moja refu lilimtoka vizuri kabisa, halafu anarudi kwenye tan yake.

Lakini Broca alimpima kwa uvumilivu. Alimuuliza amekaa hospitalini miaka mingapi. Leborgne alifungua kiganja chenye vidole vitano mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Miaka 21. Jibu lilikuwa sahihi.

Yaani mtu huyu alikuwa anasikia, anaelewa, anakumbuka na anahesabu. Ulimi na midomo yake pia vilikuwa vinafanya kazi. Kilichopotea ni njia ya kugeuza wazo kuwa neno.

Siku ya uchunguzi

Leborgne alifariki Aprili 17, 1861. Broca alifungua fuvu na kukuta sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, imeharibika na kubaki shimo. Kesho yake tu aliupeleka ubongo huo mbele ya chama chake.

Mwaka huohuo akampata mgonjwa wa pili, mzee wa miaka 84 aliyeitwa Lelong, aliyebakiwa na maneno matano tu. Uharibifu ulikuwa palepale.

Kesi zikaendelea kuongezeka, na karibu zote zilikuwa upande wa kushoto. Mwaka 1865 Broca alitangaza kwamba watu wengi huongea kwa kutumia nusu ya kushoto ya ubongo. Daktari mwingine Mfaransa, Marc Dax, alishaliona jambo hilo na kuliandika mwaka 1836, ila andiko lake lilichapishwa na mwanawe mwaka huohuo wa 1865.

Broca hakuishia kwenye maiti. Alipendekeza wagonjwa wafundishwe kuongea upya kama mtoto anavyofundishwa, kwa imani kwamba nusu ya kulia inaweza kujifunza kazi hiyo.

Mwaka 1874, Mjerumani Carl Wernicke aliongeza kipande kingine. Alieleza wagonjwa wa aina tofauti: wanaongea haraka bila kukwama, lakini maneno hayana maana na hawaelewi wanachoambiwa. Kwao uharibifu upo nyuma zaidi, karibu na eneo la kusikia. Matatizo yote haya leo huitwa afasia.

Mizani iliyomdanganya

Broca huyohuyo alitumia miaka mingi kupima mafuvu na kupima uzito wa bongo. Aliamini ukubwa wa ubongo unaonyesha akili, na vipimo vyake akavitumia kuwaweka wanaume juu ya wanawake na Wazungu juu ya Waafrika.

Sayansi imeshayakataa madai hayo. Lakini kwa miongo mingi yalitumika kuhalalisha ubaguzi, na doa hilo halifutiki kwenye jina lake.

Ubongo wake nao ukahifadhiwa

Mwaka 1880 alichaguliwa kuwa seneta wa maisha. Hakukaa sana. Alifariki Julai 9 mwaka huo, akiwa na miaka 56, na ubongo wake mwenyewe ukahifadhiwa kwenye chupa jijini Paris.

Ubongo wa Leborgne nao upo. Broca hakuukata vipande, na uamuzi huo ulisaidia sana: mwaka 2007 watafiti waliupiga picha kwa mashine ya MRI na kukuta uharibifu uliingia ndani kuliko alivyoweza kuona kwa nje. Leo inajulikana kwamba lugha hutegemea maeneo mengi yaliyounganishwa, siyo sehemu moja tu.

Bado eneo lile linaitwa eneo la Broca, na somo la Leborgne linagusa nyumba nyingi. Mtu akipata kiharusi na kupoteza usemi, mara nyingi ndugu huanza kumjadili mbele yake kana kwamba hayupo, au kumwongelesha kama mtoto.

Inawezekana anaelewa kila kitu. Aulizwe maswali ya ndiyo au hapana, apewe muda, aruhusiwe kujibu kwa mkono, na apelekwe mapema kwenye mazoezi ya kuongea. Leborgne alihesabu miaka yake 21 kwa vidole kwa sababu kuna aliyemuuliza na kusubiri jibu.